Mwakilishi wa Darasa katika Chama cha Wazazi: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza

Kila mwanzo wa muhula wa kwanza, mikutano ya wazazi inapokwisha, mimi hupigiwa simu na watu ambao wiki iliyotangulia walinyoosha mkono, au walisukumwa mbele na waliokaa nao benchi moja, na sasa majina yao yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule kuwa wawakilishi wa darasa. Maswali yao hayabadiliki. Je, ni mimi nitakayekusanya pesa? Je, ninaruhusiwa kuingia darasani kumsikiliza mwalimu anavyofundisha? Mzazi akinipigia simu saa nne usiku kulalamika, nimpeleke kwa nani? Kazi hii niliifanya kwa miaka sita katika shule ya msingi ya umma ya kutwa, na makosa mengi ninayoyaonya hapa niliyafanya mwenyewe. Nimeyaandika majibu mahali pamoja ili anayeanza awe na cha kushika.

Mwongozo huu unahusu shule za umma za Kenya, kwa sababu ndizo ninazozijua na ndizo sheria inazozitaja kwa undani zaidi. Aliye katika shule ya binafsi atafaidika na hatua nyingi, ila mambo ya karo na malipo kwake yana utaratibu tofauti.

Nafasi yako kwa ufupi

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika Jedwali lake la Tatu, inaeleza kwamba chama cha wazazi ni cha kila mzazi mwenye mtoto shuleni pamoja na mwakilishi wa walimu, na kwamba chama hicho kina kamati tendaji inayoundwa na wawakilishi wa kila darasa na walimu wawili. Jambo hili wapya wengi hawalijui: wewe si tarishi wa kamati, wewe ni mwanakamati. Mwenyekiti wa chama hutoka miongoni mwenu, na yeye pamoja na wanachama wengine wawili huingizwa katika Bodi ya Usimamizi ya shule, ile inayojulikana zaidi kwa kifupi cha BoM.

Jedwali hilohilo linaorodhesha kazi za chama: afya na lishe ya wanafunzi, uhusiano mwema kati ya walimu na wazazi, kushauriana juu ya njia za kupata fedha za majengo na ukarabati, kuwatia moyo walimu na wanafunzi, kujadili na kupendekeza malipo yanayotozwa wazazi, kusimamia miradi ya maendeleo kwa niaba ya wazazi, na kuisaidia shule katika ushauri na nidhamu ya wanafunzi. Lizingatie neno "kupendekeza". Chama hakiajiri walimu wala hakiwaadhibu, kwani hiyo ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC. Na uongozi wa shule uko mikononi mwa Bodi na mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa Bodi. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yamejijibu, likiwemo lile la kuingia darasani: huingii isipokuwa umealikwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja lenye jalada gumu, ambalo kurasa zake umezitia namba kwa mkono wako kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Karatasi za kuchomoachomoa hazifai, na simu peke yake haitoshi, maana simu huibwa na nyingine hutumbukia kwenye ndoo ya maji.
- Orodha ya wazazi na walezi wa darasa lako, yenye jina la mtoto, jina la mzazi, namba ya simu, na aina ya simu, kwa maana ya kama ni ya kupokea WhatsApp au ni kabambe, yaani simu ndogo ya kupiga na kutuma ujumbe tu.
- Nakala ya Jedwali la Tatu, pamoja na kifungu cha 29 kuhusu malipo, cha 36 kuhusu adhabu ya viboko na unyanyasaji, na cha 37 kuhusu masomo ya likizo. Ni kurasa chache tu, na kuzichapisha katika duka lolote la fotokopi hakukugharimu sana.
- Kalenda ya mihula mitatu ya mwaka huo.
- Namba za simu za mwalimu wa darasa, naibu wa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa chama, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, na juu ya zote 116, ambayo ni namba ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto.
- Muda. Tenga saa mbili au tatu kwa wiki mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Katikati ya muhula kazi hupungua.

Hatua ya 1: Mtafute aliyekutangulia

Kabla hujamsalimu mtu mwingine yeyote kwa wadhifa wako mpya, mtafute aliyekuwa mwakilishi wa darasa hilo mwaka jana na umwombe nusu saa. Muulize mambo matatu tu: ni jambo gani lililoahidiwa na halijatekelezwa, ni pesa gani zilizochangwa na hazijatolewa hesabu, na ni wazazi gani wasiofikika kwa simu. Andika majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, mbele yake, kisha umsomee ulichoandika.

Onyo: ukigundua kwamba kuna pesa za mwaka jana zisizo na hesabu, usizipokee "zikae kwako" hata kama anakusihi. Mwombe azikabidhi ofisini na apewe risiti. Ukizishika wewe, deni lake limekuwa lako.

Hatua ya 2: Zungumza na mwalimu wa darasa kabla ya kuzungumza na wazazi

Wapya wengi huanza na wazazi, kisha humwendea mwalimu wakiwa tayari wamebeba malalamiko kumi na mawili. Mwalimu akikuona mara ya kwanza ukiwa na shehena hiyo, atakuhesabu kuwa umetumwa kumpeleleza, na mwaka mzima atakujibu kwa neno moja moja.

Nenda mapema, kwa miadi, baada ya vipindi. Jitambulishe, na mkubaliane mambo haya: siku na saa anazoweza kupokea simu zako, jambo gani analotaka lipitie kwako na lipi mzazi alilete mwenyewe, na ni kitu gani angependa wazazi wa darasa lile wakifahamu muhula huu. Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Katika mwaka wangu wa tatu, mwalimu wa Gredi ya 4 aliniambia kwamba kinachomchosha zaidi ni vifaa vya kazi za mikono ambavyo watoto huagizwa nyumbani, kwa kuwa wazazi hudhani ni lazima vinunuliwe dukani ilhali yeye alitaka magunzi ya mahindi, vifuniko vya chupa na maboksi yaliyokwisha kutumika. Ujumbe mmoja kwa wazazi ulimaliza manung'uniko ya muhula mzima kuhusu gharama za mtaala wa umilisi.

Hatua ya 3: Fungua njia ya mawasiliano ambayo haimwachi mtu nje

Kikundi cha WhatsApp ni chepesi kuanzisha, na kwa sababu hiyohiyo ndicho kinachoharibika upesi. Kianzishe wewe, uwe na msimamizi mwenza, na ujumbe wa kwanza uwe wa masharti: kikundi ni cha mambo ya darasa pekee, hakuna siasa, hakuna matangazo ya biashara, hakuna kutaja jina la mtoto katika jambo la nidhamu, ugonjwa au deni, na hakuna ujumbe baada ya saa tatu usiku isipokuwa wa dharura. Ningekushauri kwa mwezi wa kwanza ukifunge ili wasimamizi pekee ndio watume ujumbe, na wazazi wakuandikie wewe kando. Baadhi watasema unawaziba midomo. Wavumilie, utakifungua wakishazoea masharti.

Kisha rudi kwenye orodha yako uwatafute wale wasiokuwa kwenye kikundi. Katika shule za kutwa wengi wao ni nyanya wanaolea wajukuu, vibarua, na wazazi ambao simu yao ni moja kwa nyumba nzima. Kwa sheria, mlezi ni mzazi. Nyanya anayemlea mtoto ana haki ileile ya kuhudhuria, kupiga kura na hata kuchaguliwa. Mpangie kila mmoja wao jirani mwenye WhatsApp atakayemfikishia habari, na mara moja moja umpigie mwenyewe kuhakikisha zimefika. Nilikuwa na bibi mmoja ambaye hakuwahi kukosa mkutano hata mmoja wa darasa, na siku niliyodhani kwamba ujumbe wa maandishi unatosha ndiyo siku aliyofika saa mbili baada ya kikao kwisha, akiwa ametembea, na sikupata neno la kumwambia.

Onyo: orodha ya majina na namba za wazazi ni siri ya darasa. Asipewe mwenye kuuza vitabu, wala mgombea wa udiwani, wala wakala wa bima. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na habari za watoto ndani yake zina ulinzi wa ziada. Picha ya mtoto wa mwenzako haisambazwi bila ridhaa ya mzazi wake.

Hatua ya 4: Fanya kikao cha darasa kila muhula

Kikao cha darasa si mkutano mkuu wa chama. Ni wazazi wa darasa moja, au wa mkondo mmoja ikiwa shule ina mikondo, wakikutana kwa muda usiozidi saa moja na nusu, mwalimu wa darasa akiwepo. Mwandikie mwalimu mkuu kuomba ruhusa na chumba angalau wiki mbili kabla, na tarehe iepuke siku ya soko na siku za ibada za wazazi wenu.

Ajenda isizidi mambo manne. Mfano uliokuwa ukifanya kazi vizuri kwangu ni huu: majibu ya mambo ya kikao kilichopita, mwalimu kueleza hali ya masomo ya darasa kwa jumla, bila jina la mtoto, mambo mawili ya wazazi yaliyokusanywa mapema, na maazimio. Neno "mengineyo" liondoe kabisa, kwa kuwa ndilo dirisha ambalo kila ugomvi wa kijiji huingilia.

Wiki moja kabla, waulize wazazi wanataka nini kizungumzwe. Utapata mambo ishirini. Yapange: yanayohusu mtoto mmoja yaondoe na umshauri mhusika aende kwa mwalimu, yanayofanana yaunganishe, kisha chagua mawili yanayogusa wengi. Mzazi ambaye lake halikuchaguliwa mweleze kabla ya kikao, asije akaligundua mbele ya watu.

Wakati wa kikao, mtu mwingine aandike kumbukumbu, kwa sababu huwezi kuongoza na kuandika kwa wakati mmoja. Kila azimio liwe na mambo matatu: ni nini kitafanywa, ni nani atakayekifanya, na kufikia lini. "Wazazi walilalamikia vyoo" si azimio. "Mwakilishi aiulize kamati tendaji, kabla ya tarehe 15 Machi, ni lini milango miwili ya vyoo vya wavulana itatengenezwa" ni azimio.

Hatua ya 5: Yapeleke mambo kwenye kamati tendaji

Kwenye kamati wewe huzungumzi kwa niaba ya mtoto wako wala kwa niaba ya moyo wako. Anza kila hoja kwa kusema imetoka wapi: "Kikao cha Gredi ya 4 Kaskazini cha tarehe fulani, wazazi 27 wakihudhuria, kiliazimia hivi." Idadi hiyo ina uzito kuliko sauti kubwa. Kama maoni ya darasa yaligawanyika, sema yaligawanyika, na kwa kiasi gani; mwakilishi anayepeleka upande mmoja tu hugunduliwa mapema, na baada ya hapo hata anayoyasema kwa haki hutiliwa shaka.

Kuwa tayari pia kushindwa. Darasa lako huenda likataka mapazia na darasa la jirani halina madawati. Utakapopiga kura ya kutanguliza madawati, liandike hilo daftarini pamoja na sababu, kwa kuwa utaulizwa.

Hatua ya 6: Rudisha majibu ndani ya siku tatu

Hapa ndipo wawakilishi wengi huanguka. Huchukua maneno ya wazazi, huyafikisha, kisha hunyamaza. Mzazi haoni kikao cha kamati. Anachoona ni kimya, na kimya hicho hukitafsiri kuwa umenunuliwa kwa soda. Majibu yawe mafupi na yasemwe hata yakiwa mabaya. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Wazazi wa Gredi ya 4 Kaskazini, hamjambo. Kamati tendaji ilikutana jana. Kuhusu milango ya vyoo vya wavulana: fundi ameshapatikana, kazi itafanyika wakati wa likizo fupi. Kuhusu uji wa saa nne: ombi letu halikukubaliwa muhula huu kwa sababu hakuna jiko la kutosha, litarudi kwenye ajenda muhula wa pili. Kumbukumbu kamili ninazo, anayezitaka anipigie."

Hatua ya 7: Kaa mbali na pesa

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa sijaona jambo lililovunja vyama vya wazazi vingi kuliko hili.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza shule ya umma kumtoza mzazi ada ya masomo. Malipo mengine yanaweza kutozwa, lakini kwa idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hakuna mtoto anayeweza kunyimwa masomo kwa sababu mzazi wake hajalipa malipo hayo. Na kila pesa inayopokewa lazima itolewe risiti rasmi. Kwa hiyo azimio la kikao cha darasa la kuchanga shilingi 500 kila mmoja, hata likipita kwa makofi, halimfungi yeyote kisheria. Ni pendekezo. Linapelekwa kwenye kamati, linafika kwenye Bodi, na Bodi ndiyo inayotafuta idhini.

Kabla ya darasa kukubali mchango wowote, uliza kwanza kama mgao wa serikali haujalipia jambo hilo. Mgao uliopangwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na shilingi 15,042 kwa wa sekondari msingi. Ni kweli kwamba pesa hizo mara nyingi hufika kwa mafungu na kwa kuchelewa, na mwalimu mkuu hana mashine ya kuzichapisha. Lakini swali ni la haki, na likiulizwa kwa adabu ndani ya kamati halimwudhi mtu mwaminifu.

Usipokee michango kwenye simu yako. Katika mwaka wangu wa pili, darasa letu lilipanga ziara ya kimasomo ya shilingi 700 kwa mtoto, watoto 38, na kwa kuwa ofisi ya shule ilikuwa na foleni nikasema wanitumie mimi kwa M-PESA. Nilikuwa na deni la mkopo wa simu nililolisahau. Michango ya kwanza ilipoingia, shilingi 1,900 zikakatwa papo hapo kulipia deni hilo. Nilizirudisha jioni ileile kutoka mfukoni mwangu, lakini mzazi mmoja alikuwa ameniomba nimtumie picha ya salio, na kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa mwaka nilikuwa "yule wa pesa za ziara". Pesa za shule ziingie kwenye akaunti ya shule, mzazi apewe risiti na shule, na kazi yako iwe kuuliza hesabu, si kuitoa.

Je, rambirambi na zawadi za mwisho wa mwaka? Mchango wa hiari wa wazazi wenyewe kwa wenyewe si pesa ya shule, nao unaweza kushikwa na mweka hazina mliyemchagua kikaoni, asiwe wewe, atakayetuma orodha ya waliotoa na matumizi kila baada ya siku chache. Kiasi kisitajwe, kila mtu atoe alicho nacho, na asiyetoa asitajwe.

Hatua ya 8: Pokea malalamiko bila kuwa hakimu

Malalamiko yako ya aina tatu, na kosa kubwa ni kuyatibu yote kwa dawa moja.

Linalohusu mtoto mmoja, kama vile alama alizopata au kugombana na mwenzake, lirudishe kwa mwenye mtoto. Mpe mzazi siku na saa za kumwona mwalimu wa darasa. Asiporidhika aende kwa naibu wa mwalimu mkuu, kisha kwa mwalimu mkuu. Ukikubali kulibeba wewe, utalifikisha nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo itakayokuwa ya muhimu.

Linalohusu darasa zima, kama vipindi visivyofundishwa kwa wiki tatu, lako hilo. Lihakiki kwanza kwa wazazi wasiopungua watatu na kwa kuangalia madaftari ya watoto, kisha zungumza na mwalimu mwenyewe kabla ya kupanda juu. Mara nyingi utakuta mwalimu yuko likizo ya uzazi au amehamishwa, na shule inasubiri wa kujaza nafasi.

La tatu ni usalama wa mtoto: kupigwa, kuguswa vibaya, kutishwa, kunajisiwa. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili. Jambo la kudhulumiwa kimwili halisubiri kikao, halipitii kwenye kikundi, wala halisuluhishwi kwa wazee kukaa chini ya mti. Msaidie mzazi kumpeleka mtoto hospitalini na kituo cha polisi siku hiyohiyo, mpigie afisa wa watoto au 116, na mjulishe mwalimu mkuu, isipokuwa kama yeye ndiye anayetajwa. Mtoto asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Usimhoji mtoto wewe. Andika tu uliyoambiwa, na nani, na saa ngapi. Mtu yeyote akikuomba "tulimalize nyumbani kwa heshima ya shule", jibu lako ni hapana, awe ni nani.

Mambo yanapokwama

*Wazazi hawaji kwenye kikao.* Angalia saa uliyoiweka kabla ya kuwalaumu. Wafanyakazi wa mashamba na wa mitumba hawawezi kuja Jumanne saa tatu asubuhi. Jaribu Jumamosi alasiri, au siku ambayo wazazi watakuja kuchukua ripoti za watoto. Waliohudhuria tisa wakipata majibu yenye maana, kikao kijacho watakuwa zaidi ya tisa.

*Wazazi wanataka masomo ya ziada wakati wa likizo na wako tayari kulipa.* Shinikizo hili huwa kali zaidi katika Gredi ya 6 na ya 9, tathmini za kitaifa zinapokaribia, na mara nyingi wanaoshinikiza ni wazazi kuliko walimu. Kifungu cha 37 kinayakataza, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Soma kifungu hicho kikaoni kwa sauti, kiandikwe kwenye kumbukumbu, na usiwe mkusanyaji wa pesa hizo kwa jina lolote watakalozibatiza, iwe "motisha" au "chai ya walimu".

*Kamati haiitwi.* Mwandikie mwenyekiti barua, wawakilishi watatu au wanne mkitia sahihi, mkitaja mambo yanayosubiri na kuomba tarehe. Nakala iende kwa mwalimu mkuu. Baada ya wiki mbili za kimya, barua ya pili iende kwa mwenyekiti wa Bodi. Ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ni ngazi inayofuata, na mtakapofika huko muwe na nakala za barua zote mbili zilizogongwa muhuri wa kupokewa. Asiyegongewa muhuri huambiwa hakuandika.

*Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za mtihani au chakula.* Usianzishe vita kwenye kikundi. Nenda na mzazi shuleni asubuhi hiyohiyo, mkiwa na nakala ya kifungu cha 29, na muombe mtoto aingie darasani wakati mambo ya malipo yanazungumzwa ofisini. Mara nyingi hilo linatosha.

*Kikundi kimegeuka uwanja wa matusi.* Kifunge kwa siku mbili, uwapigie simu wahusika mmoja mmoja, na ukifungue kwa kubandika masharti yale ya kwanza. Usijibu tusi kwa maandishi hata moja, na usimwondoe mtu bila kumweleza. Aliyeondolewa huanzisha kikundi chake.

*Mtoto wako ndiye mwenye kesi.* Atafanya kosa siku moja, au atakosewa. Hapo unakwenda shuleni kama mzazi, daftari limebaki nyumbani, na kamati ikilijadili jambo hilo unatoka nje ya chumba. Tangaza mwenyewe kabla ya kuulizwa.

*Mwakilishi mwenzako ametoweka.* Mpe wiki tatu, muulize kwa upole kama anaweza kuendelea, na akishindwa, wazazi wachague mwingine katika kikao kijacho. Usibebe kazi ya wawili kimyakimya, maana utachoka mwezi wa Juni na darasa litabaki bila mtu.

Hatua ya 9: Kabidhi

Mwezi wa Oktoba, kabla ya muhula wa tatu kwisha, kaa na daftari lako uandike ukurasa mmoja: mambo yaliyomalizika, yaliyobaki na yako kwa nani, na wazazi wasiofikika kwa simu. Somea kikao cha mwisho cha darasa ukurasa huo. Mrithi wako akishachaguliwa muhula wa kwanza, mpe daftari lenyewe mbele ya mwalimu wa darasa, nyote watatu mtie sahihi penye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, umfanye msimamizi wa kikundi, kisha ufute orodha ya namba za simu kwenye simu yako na utoke kwenye usimamizi. Wiki mbili za kwanza wazazi wataendelea kukupigia wewe. Wape namba yake.